Bibi kasema hatutoki bila ya kuaga

Skuli za Uskochi zinafunguliwa katikati ya Agosti, si Septemba kama kwengine Uingereza. Sisi tunahamia Aberdeen, baba kapata kazi huko kwenye mafuta, na mdogo wangu lazima awe darasani siku ya kwanza. Kwa hiyo likizo yetu ya mwisho nyumbani, ambayo kila mtu alishaipangia mambo yake (Salalah, Unguja, kulala mpaka adhuhuri), imekuwa wiki saba za maboksi. Zimebaki mbili.

Nyumbani ni Ghala. Kwa msiokuwa wa Maskati: Ghala iko wilaya ya Bausher, chini ya vilima. Upande mmoja kuna nyumba na mitende ya kijiji cha zamani, upande wa pili magereji na mabohari. Jina si la Kiswahili, lakini ukilisikia kwa masikio yetu ni mahali pa kuwekea mali, na mzaha huo kwetu umeshachakaa. "Unakaa wapi?" "Ghalani." Sasa mzaha umekuwa kweli, manake vitu tusivyochukua vinakodishiwa bohari hapo hapo, dakika tano kwa gari. Kabati la bibi linakwenda bohari. Bibi mwenyewe anahamia Mabela kwa shangazi.

Wapakizi wamekuja mara mbili, zote mbili alfajiri. Hapa Oman kuanzia Juni mpaka Agosti kazi za juani zinakatazwa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Sheria inawalinda wafanyakazi, na hata bila ya sheria, nani atabeba friji kwenye digrii 45?

Msimu huu wenyewe sisi watoto tunauita likizo, au tunatumia neno la Kiarabu. Kwenye kitabu utakuta "kiangazi", neno ambalo mie sijawahi kulisikia kinywani mwa bibi. Yeye anasema kusi. Kakaa Maskati zaidi ya miaka 50 na bado mwaka anauhesabu kwa pepo za Unguja: kaskazi, masika, kusi, vuli. Kaskazi ndiyo iliyokuwa ikishusha majahazi kutoka huku kwenda pwani ya Afrika, na kusi ikiyapandisha kurudi. Lakini kusi ikikolea, Juni na Julai, bahari huchafuka, vyombo vikikaa bandarini mpaka upepo upungue. Yani mtu wa zamani aliyekuwa anaondoka alikuwa na wiki nzima nzima za kungoja, kazi yake kunywa kahawa na kupita nyumba za watu kuaga.

Baba hakuona haja ya kupita nyumba za watu. Ndege ya Maskati mpaka London ni kama saa nane, Disemba tutarudi, WhatsApp ipo, tutaonana kila siku. Alimwambia bibi mbele yetu, "Mama, sisi tunasafiri tu."

Bibi akamuuliza, "Na kabati langu linasafiri?"

Hapo ndo ilipoanza. Anayesafiri anaacha kitanda chake, anayehama hakiachi. Bibi akasema anayehama hatoki mpaka aage, na akatoa orodha. Nyumba 12.

Mie mwanzo nilikuwa upande wa baba. Wallahi nilikuwa nimechoka, na nyumba 12 maana yake ni vikombe vya kahawa visivyohesabika na maswali yale yale. Nilibadilika siku tuliyokuwa tunafunga vyombo vya jikoni, mie na bibi peke yetu.

Bibi aliondoka Unguja mwaka 1964, akiwa na miaka 14. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari, wao wakatoka wiki chache baadaye, usiku, kwenda Mombasa. Hadithi hiyo naijua tangu utotoni, na siku zote ni hadithi ya nyumba yao ya Malindi na babake. Siku hiyo akanambia jengine. Jirani yao, msichana wa rika lake, alikuwa amempa shilingi mbili amnunulie uzi wa kushonea kofia. Bibi hakuwahi kununua. Wakaondoka bila ya kumuaga mtu, shilingi mbili anazo. Mpaka leo kila Ramadhani anamtolea sadaka yule msichana, kwa sababu hajui yuko wapi wala kama yu hai.

"Nyumba walichukua wao," akasema. "Shilingi mbili nimechukua mie."

Akaendelea kufunga sahani kwenye magazeti kama kwamba hajasema kitu.

Watu walioondoka Unguja na Pemba mwaka ule na iliyofuata ni maelfu, na wengi hawakufika Oman moja kwa moja, kwa sababu Sultan Said bin Taimur nchi alikuwa ameifunga. Ikawa Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, Kuwait, Cairo. Mpaka Sultan Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Bibi alikuja kutoka Dubai, kashaolewa, baba hajazaliwa bado. Hata Jamshid bin Abdulla, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliondoka kwa meli siku ya mapinduzi yenyewe, akaishi Uingereza zaidi ya miaka 50. Oman alikuja mwaka 2020, na alifariki mwisho wa 2024. Sultani naye hakupata nafasi ya kuaga. Ukiyajua haya, halafu mtu anakupa wiki saba, pasipoti mkononi, kila unayemdai na anayekudai yuko ndani ya mwendo wa nusu saa kwa gari, unaona haya kusema umechoka na kahawa.

Sasa lugha yake, kwa sababu najua wengi wenu mtapelekwa kuaga siku moja na mtakaa kimya kwenye kochi mkicheza na simu. Kuaga ni kwa mmoja: "Nimekuja kuaga." Kuagana ni kwa wawili, na neno hilo hilo kwa maana nyengine ni kuwekeana ahadi, ndiyo maana mkishaagana na mtu mna deni la kurudi. Halafu kuna radhi. Unasema "niwie radhi", au ikiwa nyote wawili, "tuwiane radhi", na mwenzako anajibu "nshakuwia". Hulazimiki kutaja ulichomkosea, na mie naona hiyo ndiyo akili ya jambo lenyewe: unafuta hata usiyoyajua. Wakubwa watakuombea dua, wewe unaitika amin. Basi, imekwisha. Maneno matano hayafiki.

Ila kuwa mwangalifu kidogo. Mdogo wangu, ana miaka tisa, alipigiwa simu na shangazi kuulizwa bibi anafanya nini. Bibi alikuwa ametoka kwa majirani kuwaaga, kwani na yeye anahama. Mdogo wangu akajibu, "Bibi ameshaaga." Shangazi alipiga kelele tukamsikia mpaka jikoni. Kuaga dunia nako ni kuaga.

Tukazunguka. Ghala nyumba nne, halafu Al Khuwair, Ruwi, Mutrah, mpaka Seeb. Kila nyumba halwa, kila nyumba sambusa, na kila nyumba lazima waulize Maghribi ya Aberdeen ni saa ngapi. Baba anajibu kwamba mwezi wa Juni jua linazama saa nne usiku. Mama mmoja wa Mutrah, mtu mzima sana, hakukubali kabisa. "Jua bado liko juu, basi hiyo si saa nne usiku," akasema. "Saa zao mbovu." Nimelifikiria sana hilo. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapozama, na jua la kwetu lina adabu, linazama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Sijui tutasemaje saa tukifika kule. Mdogo wangu kashaamua atatumia ya Kizungu, na ndo kitu kimoja kidogo kimeshatutoka kabla ya ndege kuruka.

Lakini alijifunza kuaga. Nyumba ya kwanza alisukumwa. Ya pili akasema kwa sauti ya chini. Kufika ya tano anasema mwenyewe, anashika mkono wa mwenye nyumba, anaubusu: "Tumekuja kuaga, tuwiane radhi." Na wazee wanamjibu kwa Kiswahili, wanamuuliza darasa la ngapi, na yeye anajibu. Mtoto huyu ndiye ambaye miaka yote bibi akimsemesha Kiswahili anamrudishia Kiingereza. Mie nilishawahi kumtafutia masomo ya mtandaoni, hayakusaidia kitu. Nadhani alichokosa ni mahali ambapo Kiswahili kina kazi maalumu na yeye ndiye mwenye zamu.

Nyumba ya 12 ilikuwa ya ami, Al Khoudh.

Baba na ami hawajasemezana kwa miaka sita, tangu babu afariki. Ni kiwanja. Sitaingia ndani zaidi, wenye kiwanja chao kwenye familia mnajua, na msiokuwa nacho mshukuruni Mungu. Bibi ni mama wa wote wawili. Idi anakaa nusu siku huku, nusu siku kule, na hakuna anayemuuliza katoka wapi. Orodha aliiandika mwenyewe na nyumba ile akaiweka mwisho, na baba aliiona tangu siku ya kwanza. Hakusema sitakwenda, wala hakusema nitakwenda. Siku ilipofika akaingia garini.

Ami alitufungulia mwenyewe. Watoto wake niliwaacha wadogo, sasa mmoja ana ndevu. Tukakaa. Kahawa ikaletwa na ratabu za mwaka huu, maana Julai ndo wakati wake. Baba akiangalia kikombe. Ami akiangalia mlango. Bibi alikaa katikati yao na hakufungua mdomo, yeye ambaye nyumba zote nyengine hakunyamaza.

Mwisho baba akasema, "Tunaondoka tarehe tisa. Nimekuja kuaga."

"Nimesikia," akasema ami.

Kimya. AC inanguruma. Mama kanishika mkono, wala sikumbuki kaanza saa ngapi kunishika.

Mdogo wangu akaona zamu yake imefika, kama nyumba 11 zilizopita. Akainuka, akaenda kwa ami, akambusu mkono. "Ami, tumekuja kuaga. Tuwiane radhi."

Ami alimshika kichwa, akachukua muda. "Nshakuwia, mwanangu. Wewe hujanikosea kitu." Akamwangalia baba.

"Na mie," akasema baba. Sauti haikutoka vizuri.

"Na wewe," akasema ami.

Bibi akaomba kahawa nyengine.

Kiwanja hakikutajwa. Kesi iko pale pale, na kwenye gari baba hakusema neno mpaka tunaingia Ghala. Sitaki kuwadanganya kwamba wamepatana, huenda Disemba tukarudi tukakuta wameanza upya. Bibi alilala saa mbili usiku siku hiyo, mapema kuliko kawaida yake, na hakuuliza kitu.

Juzi yule mtoto wa ami mwenye ndevu alikuja na boksi la tende, khalas, kilo kumi. Hakukaa, aliliacha mlangoni akasema ni za safari. Mizani inasema sanduku la baba ni kilo 29 na mwisho ni 23. Mama anataka tende zigawiwe majirani. Baba kashatoa makoti mawili.