Mmea Unaogusa Homoni Upimwe Kama Dawa

Katika Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2010, asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2015-16 walifikia asilimia 28. Si jambo la Dar es Salaam pekee. Barabara iendayo Kilwa na Lindi hupita Kibiti, na pamoja na abiria huleta soda, mafuta ya kupikia na unga uliokobolewa. Kutoka Nyamisati mashua huvifikisha ndani ya delta. Kwa barabara hiyo hiyo huja pia vifurushi vya "chai ya kupunguza tumbo".

Wapo wataalamu wenzangu wanaozidharau dawa hizi kwa kuziona hazina nguvu. Mimi naona hatari iko upande wa pili: baadhi yake zina nguvu, ila hakuna aipimaye.

Tuanze na uwatu. Nyuzinyuzi zake hugeuka ute tumboni na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, hivyo insulini, homoni itolewayo na kongosho, haihitajiki kwa wingi wa ghafla. Hilo ni jema. Lakini mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi, kisha akanywa uwatu kwa wingi na kuacha kula ili apungue, anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzirai. Kwa mkazi wa kisiwa cha delta, ambako safari ya zahanati hungoja maji kujaa, saa mbili za kuchelewa zinaweza kugharimu uhai.

Sanamaki ni habari nyingine. Hiyo huharisha. Mizani huonyesha kilo zimepungua, kumbe yaliyotoka ni maji na madini ya potasiamu, wala si mafuta. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo hupoteza potasiamu mara mbili, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Kisha ipo leptini, homoni iliyotambuliwa mwaka 1994. Hutolewa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Mtu akikonda upesi, leptini hushuka, njaa huzidi na uzito hurudi. Kwa hiyo anayenenepa tena baada ya kuacha chai yake asiitwe mlafi. Mwili wake unajilinda.

Sisemi miti shamba itupwe. Metformini, kidonge kinachotumika katika zahanati zetu, chanzo chake ni elimu ya mmea wa Ulaya uitwao galega. Kiini cha mmea huo kilikuwa na sumu. Wanasayansi wakatafuta kemikali jamaa iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Tofauti ya mmea na dawa ilikuwa kipimo. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002. Waganga wa Rufiji wenye ujuzi wa mitishamba wanastahili kushirikishwa katika kazi hiyo.

Kwa wahudumu wa afya, ombi langu ni moja: kila mgonjwa aulizwe, "Unatumia nini kingine nyumbani?" Aulizwe kwa upole, maana anayekaripiwa leo kesho ataficha. Kwako mgonjwa: njoo na kifurushi chako, taja kiasi unachokunywa, na usiache vidonge vyako kabla ya kushauriana na anayekutibu. Kunde, choroko, kisamvu kisichojaa tui na samaki wa kuchoma havina tangazo lolote, lakini vinashibisha, na ndivyo ninavyopendekeza vitangulie kabla ya chai yoyote.