Picha za Wafanyakazi Zipewe Majina



Siku hizi hakuna mkutano wa tawi wala sherehe ya Mei Mosi ipitayo bila simu kumi kuinuliwa juu kupiga video. Jambo hilo ni zuri. Zamani mwenye kamera alikuwa mwajiri, na picha zake zilimwonyesha meneja akikata utepe mbele ya mashine mpya. Leo mfanyakazi naye anayo. Lakini tunasema wazi kwamba matawi mengi yanapiga picha kama mtu anayechuma majani ya chai kutwa nzima, kisha akayamwaga njiani kabla ya kufika kwenye mizani.

Kuna tawi moja la kiwanda cha chai, jina tunaliacha, ambako ndugu yetu alikatwa vidole na mashine iliyokuwa imeondolewa kinga yake. Wenzake walikuwa wameipiga picha mashine hiyo siku chache kabla ya ajali. Ushahidi ulikuwapo. Siku ya kikao cha fidia katibu alikaa mbele ya kompyuta yenye video mamia, kila moja ikiitwa MVI na tarakimu nne, basi. Kikao kilikwisha kabla ya picha kupatikana. Upande wa mwajiri ulisema kinga ilikuwapo, na neno hilo ndilo lililoandikwa.

Jina kama MVI_0417 halikutolewa na mtu. Kamera imejihesabia yenyewe. Watengenezaji wa kamera waliweka utaratibu mwaka 1998 kwamba jina la faili liwe na alama nne na tarakimu nne, na kwa kamera nyingi hesabu ikifika 9999 hurudi 0001. Kwa hiyo kamera mbili za aina moja huzaa mapacha. Yatie mapacha hayo katika folda moja, na kompyuta itakuuliza kama la pili lichukue nafasi ya la kwanza. Mwenye haraka atabonyeza ndiyo, na kipande kimoja kitakuwa kimekwenda. (Tunasema kipande kwa maana ya sehemu ya video, si kile kipande ambacho mkoloni aliwavisha babu zetu shingoni kule Kenya.)

Wafanyakazi wa chai hawana haja ya kufundishwa jambo hili na mtu wa mjini. Chai ya Uganda, Rwanda na Burundi inayokwenda kwenye mnada wa Mombasa haiendi katika mifuko isiyo na alama. Mfuko unaonyesha kiwanda ulikotoka, daraja la chai, namba ya shehena na uzito. Mwajiri anaitia alama kwa sababu anajua thamani yake. Mbona sisi tusiijue thamani ya picha zetu?

Basi faili liitwe hivi: tarehe, mahali, jambo, kamera, namba. Kwa mfano 20250501_uwanjani_meimosi_kamA_007. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa kuwa kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 1 Mei itakaa jirani na tarehe 1 Desemba ya mwaka mwingine. Sufuri za mbele zisidharauliwe, maana bila hizo programu nyingine huweka 10 kabla ya 2. Nafasi tupu na alama ya mkwaju tuziache.

Kazi hii ina wakati wake. Kwanza nakili kila kilichomo katika kadi, uhakikishe kinafunguka, ndipo ubadilishe majina katika nakala, ukiandika jina la zamani daftarini. Kadi isifutwe kabla ya kuwapo nakala mbili katika sehemu mbili. Uhariri ukishaanza, majina yasiguswe tena. Programu ya kuhariri haimezi video. Inakumbuka tu jina lake na mahali ilipowekwa, na ukilibadilisha itakuonyesha pengo. Tena video za mkutano msikusanye kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Huko picha hufifishwa ili ziwe nyepesi, na faili hupewa jina jipya lenye WA ndani yake, ambalo tarehe yake si lazima iwe ile ya kupigwa.

Liko jambo ambalo hatutakubali mjadala juu yake. Jina la mfanyakazi lisiwekwe katika jina la faili. Tumeona mafaili yenye jina la mama aliyelalamika juu ya msimamizi, pamoja na namba yake ya kazi. Faili kama hilo likiangukia mikono isiyofaa, mama huyo hana kazi kesho. Shahidi apewe namba, na maelezo ya namba hiyo yakae katika daftari ambalo katibu analifungia.

Wapo wanaosema hii ni kazi ya makarani, na kwamba harakati ni kusimama getini. Hatukubaliani nao. Karani wa mizani akiandika kilo pungufu, mshahara wa mchumaji hupungua, na hapo kila mtu huona kuwa kalamu ni silaha. Kwa nini silaha hiyo iwe ya upande mmoja? Jambo la aibu zaidi ni kwamba katika matawi mengi kumbukumbu zote zimo ndani ya simu ya kijana mmoja. Akihama shamba, au simu ikitumbukia mtoni, historia ya tawi imekwenda naye.

Tunapendekeza kila tawi lichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, nao wakae saa moja baada ya kila mkutano kunakili, kutaja na kuandika. Daftari la kurasa mia linatosha kuanzia, na diski ya pili isikae ofisini ilipo ya kwanza.