SAHANI KABLA YA MUUJIZA

Neno la leo: Luka 10:1-9



Leo nina neno kwa watu wawili. Wa kwanza ni wewe kijana wa kanisa unayejiandaa kwenda kujitolea nchi nyingine, iwe Tanzania, Uganda au ng'ambo. Wa pili ni wewe mwenyeji wa Homa Bay, ambaye kanisa lako au shule yako hupokea vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja kufundisha, kujenga vyoo vya shule na kusaidia katika kliniki. Nyote wawili fungueni Luka 10.

Yesu anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili. Angalia masharti. Anawakataza kubeba mfuko wa pesa, mkoba na viatu. Anawakataza kuhama nyumba moja kwenda nyingine. Mstari wa 8 unawaambia wale wanachoandaliwa. Kuponya wagonjwa kunakuja mstari wa 9. Umeuona mpangilio? Sahani imetangulia muujiza.

Jiulize: aliyewalisha watu elfu tano angeshindwa kuwafungia hawa chakula cha njiani? Hapana! Aliwatuma mikono mitupu kwa makusudi, ili wamhitaji mwenyeji. Mtu asiyekuhitaji kwa lolote hawezi kukujua, na asiyekujua atakuhudumia kwa kubahatisha. Ndiyo maana nasema bila kuogopa: anayekwenda kutumika ugenini na hataki kupokea, hajawa tayari kutumika.

Nabii Eliya alitumwa nje ya Israeli, hadi Sarepta ya Sidoni. Soma 1 Wafalme 17. Jambo lake la kwanza lilikuwa kumwomba mjane maji na mkate. Yesu mwenyewe pale Samaria, Yohana 4, alianza kwa kuomba maji. Mwenye Maji ya Uzima alimwomba mwanamke mgeni kikombe cha maji ya kisima! Wewe ni nani ufike na majibu tu?

Sasa tuje nyumbani. Novemba 1906, watu wawili walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, kuanzisha kazi ya Waadventista Wasabato. Mmoja ni Arthur Carscallen, Mkanada. Wa pili ni Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo tunaiita Malawi. Mimi ni Mpentekoste, na kuna mafundisho ambayo hatukubaliani na ndugu zetu hao, lakini ukweli tuuheshimu. Walikaa wakajifunza Dholuo. Carscallen aliandika sarufi ya lugha hiyo na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Ubatizo wa kwanza ulifanyika 1911. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Leo kundi la wiki mbili linataka ripoti na picha kabla halijajua kusalimia!

Sisemi wamishenari wa siku zile walikuwa malaika. Walikuja wakati wa ukoloni, na wengi walidharau vitu vyetu. Lakini mtazame Nyambo. Ngozi yake haikumpa Dholuo. Pale Gendia alikuwa mgeni kama Mkanada, na ilimbidi ajifunze.

Hapo ndipo vijana wetu wengi hujikwaa. Unadhani kwa kuwa Tanzania ni jirani na Kiswahili unakijua, hakuna cha kujifunza. Ukivuka Isebania ukaingia Sirare, umebadilisha nchi kwa hatua chache. Ukiingia hotelini useme "Nipe chai" kama ulivyozoea Migori, wenyeji watakutazama. Kwao ni "Naomba chai." Ukimpita mzee bila "Shikamoo," umeshahubiri mahubiri mabaya kabla hujafungua Biblia. Lugha ni moja, adabu ni tofauti. Tena ukifika usijifungie na Wakenya wenzako kulinganisha ugali wa huku na wa nyumbani. Kaa katika nyumba ile ile, ule kilichoandaliwa, uliza majina ya watoto. Miezi ya kwanza utajiona mjinga. Vumilia. Ni shule ya Roho Mtakatifu.

Na wewe mgeni uliyekuja kwetu, karibu sana. Pengine ulijifunza Kiswahili miezi mitatu, ukafika soko la Homa Bay ukakuta mama wa omena anazungumza Dholuo na mwenzake. Usivunjike moyo. Mama huyo ndiye mwalimu wako mpya. Ukialikwa chakula, usikimbilie biskuti zako kwenye begi. Kama daktari amekukataza kitu, sema kwa upole, lakini keti mezani. Hapa kwetu kumnyima mgeni chakula ni aibu, na mgeni kukataa kuketi ni jeraha.

Sasa wenyeji, zamu yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumefanya kinyume: siku ya kwanza tunampa orodha ya mahitaji. Bei ya boda boda inapanda akionekana. Harambee inapangwa kulingana na tarehe ya ndege yake. Kisha tunashangaa akiondoka bila rafiki hata mmoja! Tumemgeuza mfuko wa pesa, kitu kile kile ambacho Yesu alikataza kibebwe. Mpe jembe. Mwambie ukweli kazi yake ikiwa haifai. Akijenga ukuta uliopinda, mwambie umepinda. Heshima ni kumtendea kama mtu mzima.

Kumbukeni pia kwamba sisi wenyewe ni wageni wa zamani. Wajaluo walikuja kutoka kaskazini, upande wa Sudan, kupitia Uganda. Abasuba wa Rusinga na Mfangano wana asili yao ng'ambo ya ziwa, na leo wengi wao wanazungumza Dholuo. Kila ukoo hapa una babu aliyewahi kupokewa na mtu.

Nimalizie penye uchungu: watoto. Katika kazi yoyote ya kujitolea, hapa ndipo kukosea mpangilio wa Yesu kunaumiza zaidi. Mgeni anafika kwenye makao ya watoto, anakumbatia, anapigwa picha, baada ya wiki mbili anaondoka. Mwezi ujao anakuja mwingine. Mtoto anajifunza kwamba kila anayempenda huondoka. Mara nyingi mtoto huyo ana nyanya, shangazi au mjomba kijijini, ambaye angemlea kama angesaidiwa karo na unga. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika familia. Kanisa lisiburutwe na serikali katika jambo ambalo Zaburi 68 ilishalisema, kwamba Mungu huwapa wapweke nyumba. Mchungaji mwenzangu, kama unawaweka watoto ili wageni wapate cha kutembelea, acha. Na mgeni, kama unawapenda watoto hao, kaa na nyanya yao, kunywa chai yake, kisha muulize anahitaji nini ili mjukuu arudi nyumbani. Hapo utakuwa umefika mstari wa 9.

Mpendwa, wiki hii fanya jambo moja. Kama unakwenda, jifunze salamu ya huko unakokwenda na uombe neema ya kupokea. Kama unapokea, mwalike mgeni mmoja mezani kwako, na siku hiyo usimwombe chochote.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyekuja kwetu kama mgeni ukalala katika hori la kuazima, tufundishe kupokea kabla ya kutoa. Walinde vijana wetu walio ugenini. Wape watoto wetu nyumba, si wageni tu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA na umtumie kijana mmoja anayejiandaa kusafiri. Shalom.