Kiti Bila Mto ni Zawadi Nusu

Manze, tuongee ukweli. Watu wakisikia niliacha chuo wanadhani ni sababu ya ngazi. Ngazi zilikuwa mob, sikatai. Lakini kilichonitoa ni kidonda kwa makalio. Nilipokiona mara ya kwanza kilikuwa kidogo kama shilingi ishirini, kumbe ndani kilikuwa kimeshakula. Nilikaa miezi saba nikilala kifudifudi hapa Dandora, mathe akinisafisha asubuhi na jioni na maji ya mtungi.

Na hakikuuma hata siku moja. Hiyo ndiyo shida. Wewe ukikaa vibaya mwili unakupigia kelele, unasonga. Mimi chini ya kiuno hakuna kelele. Mfupa unabana nyama, damu haipiti, nyama inakufa kimyakimya.

Usidhani ni ugonjwa wa mahasla pekee. Christopher Reeve, yule Superman wa sinema, alikuwa na doo na manesi. Alipofariki Oktoba 2004 alikuwa anatibiwa kidonda kama changu, kimeingia maambukizi.

Sasa angalia mheshimiwa akigawa viti. Kuna hema, kuna kamera, kuna hotuba. Vuta hiyo picha karibu: mtoto amekalishwa kwa kitambaa tupu. Mto uko wapi? Hiyo ni kama kupewa kiatu chenye msumari, halafu uambiwe ushukuru. Mto mzuri si starehe, ni dawa. Gaweni vyote viwili ama msipige picha.

Na sisi wenyewe tuache kubahatisha. Ile ring ya tube ya gari tunayokalia mtaani inabana damu pande zote. Tupa. Kila nusu saa inama mbele, kifua kwa magoti, kama dakika mbili. Asubuhi na usiku jiangalie na kioo. Usingoje wekundu, kwa ngozi yetu nyeusi tafuta mahali palipokolea rangi, pana joto ama pamekuwa pagumu. Ukipapata, usipakalie tena mpaka parudi sawa. Pakipasuka, enda kliniki siku hiyo hiyo, usione aibu. Aibu ndiyo ilinichelewesha mimi.

Simu yangu hulia kila nusu saa. Mkiniona kwa mat nimeinama, sijalewa na silii. Nalinda ngozi yangu.