Seli zetu zisiachwe nje ya utafiti wa moyo

MAJI hufuata mkondo, na baadhi ya maradhi hufuata ukoo. Kijana anapoanguka ghafla katika mbio za shule na kukata roho, iwe ni Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki, si ajabu kusikia majirani wakinong'ona juu ya laana. Ni wachache wanaouliza kama marehemu alirithi maradhi ya moyo, kwa mfano yale yanayoifanya misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi.

Leo elimu imepiga hatua kubwa katika kulijibu swali hilo. Mwaka wa 2006, mtaalamu wa Kijapani, Shinya Yamanaka, alichukua seli za ngozi ya panya, akazitia jeni nne, nazo zikarejea katika hali ya uchanga zilipoweza kugeuzwa kuwa seli za namna yoyote. Mwaka uliofuata jambo hilo lilifanywa kwa seli za binadamu, na mwaka wa 2012 Yamanaka na John Gurdon wa Uingereza wakatunukiwa tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa njia hii, damu kidogo ya mgonjwa hutosha kuotesha seli za moyo zenye jeni zake mwenyewe. Seli hizo hudunda katika kisahani cha maabara. Mtafiti huona kasoro iliyorithiwa na hujaribu dawa bila ya kukigusa kifua cha mgonjwa. Ni kweli kwamba seli hizo si moyo kamili wenye vyumba na vali. Hata hivyo, husaidia kueleza kwa nini baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa na tundu moyoni.

Swali letu ni hili: seli hizo ni za nani? Waafrika ndio wenye jeni za namna nyingi zaidi duniani, lakini wengi wa waliochunguzwa jeni zao ni wa asili ya Ulaya. Madhara yake yameonekana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba watu kadhaa wenye asili ya Kiafrika waliambiwa kimakosa kuwa wana jeni za ugonjwa huo wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Jeni hizo zilikuwa za kawaida kwa watu weusi, ila hawakuwa wamechunguzwa vya kutosha.

Hata hivyo, hatusemi kwamba damu yetu itolewe kiholela. Mwaka wa 1951, madaktari wa Baltimore walichukua seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, bila ya idhini yake. Seli hizo zimetumiwa ulimwenguni kote, na ilikuwa mwaka wa 2023 ndipo jamaa zake walipopatana na kampuni moja iliyofanya biashara nazo. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti. Mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na awe huru kukataa.

Walimu wana sehemu yao. Mwanafunzi anayezimia akikimbia asiitwe mvivu. Apelekwe hospitali, na wazazi waulizwe kuhusu vifo vya ghafla katika ukoo. Tena wanafunzi wajue kwamba Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, kabla ya kusifika kwa miti alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka wa 1971. Vyuo vikuu vya Dedan Kimathi na Karatina viko karibu nao. Serikali ivipe maabara zinazofaa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naam, lakini mgeni akija, amkute mwenyeji naye yumo maabarani.