Nguvu ya Moteri Inashikwa Chini

Hapa Bogoro tunasikia kila mara makamyo yanayopanda toka Kasenyi. Ziwa liko kwenye mita 619, Bunia karibu mita 1.275: moteri inavuta kweli. Basi wengi wetu tunamsifu shofere aliyefungulia pompi ili mazuti iingie mingi, ao aliyefunga turbo kwenye moteri isiyotengenezwa kwa turbo. Tunasema: «Ile gari iko na nguvu!» Sisi tunaona sifa hiyo ni ya haraka.

Mlipuko unasukuma pistoni, pistoni inasukuma bieli, bieli inasukuma vilbreke, kile chuma kinachozunguka. Na vilbreke inashikwa kwa chini na nini? Na vifuniko vidogo vya palie, mara nyingi kila kimoja na mabulo mawili tu.

Tufanye hesabu. Pistoni yenye upana wa sentimita 10 ina eneo la sentimita mraba 78 na zaidi. Msukumo wa kilo 100 kwa kila sentimita mraba unaleta karibu tani 8. Ukifika 150, ni karibu tani 12, na vifuniko ni vilevile! Tena, moteri ikizunguka mbio mara mbili, mvuto wa uzito wa pistoni na bieli unakuwa mara nne.

Kifuniko kilichozidiwa hakivunjiki siku ileile. Kinaanza kuchezacheza, kusineti inaliwa, presha ya mafuta inashuka. Mwisho bulo linakatika ao vilbreke inavunjika, na watu wako juu ya mizigo katikati ya mulima.

Wengine watajibu: «Fundi ataweka mabulo magumu.» Yanasaidia, lakini hayaponyi bloku zaifu. Moteri nyingi za mashindano zinapewa vifuniko vya chuma cha pua ngumu na mabulo 4 kwa kila kimoja. Tena vifuniko vinatobolewa pamoja na bloku yao; kuchukua cha moteri ingine bila kutoboa upya ni kuharibu. Na kukaza ni kwa ufunguo wenye kipimo, si kwa nguvu ya mukono.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorinto wasidharau kiungo kinachoonekana kidogo. Basi tusimsifu tena mwenye kuongeza nguvu bila kuangalia chini. Tumsifu yule anayepunguza mizigo, anayepanda polepole na kufika. Na ninyi munaotaka kuwa mafundi, musikimbie hesabu.