Kartie ikihamishwa Kolwezi, wagonjwa wanaachiwa nani?

Kolwezi, kartie ikitakiwa kuhama kwa ajili ya madini, watu wa kupima njo wanafika kwanza. Wanahesabu vyumba, mabati, choo, kisima, miti ya maembe na ya avoka. Kila kitu kinaandikiwa bei. Lakini mama mwenye mimba ya miezi saba, mugonjwa wa kifua kikuu aliye katika mwezi wa tatu wa dawa, muzee mwenye anakunywa dawa za tansio kila siku: hao wanaandikwa kama wenye nyumba ao wapangaji, si kama wagonjwa. Kituo chao kidogo cha afya kikifungwa, wataenda kutunzwa wapi? Na nani kule atajua walifika wapi katika dawa zao?

Swali hilo linagusa wakaaji wengi. Muji mukuu wa Lualaba umekaa juu ya shaba na kobalti, na mipaka kati ya mugodi na mutaa haikai pahali pamoja.

Yale Kasulo ilionyesha

Kasulo ilikuwa kartie ya kawaida mpaka mwaka 2014, wakati mukaaji mumoja alipochimba ndani ya parseli yake na kukuta mawe ya kobalti. Habari haikukaa siri. Kwa muda mufupi mashimo yalifunguliwa nyuma ya jikoni, kando ya barabara, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017, sehemu ya kartie ilipewa kampuni Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou Cobalt ya China, ili inunue madini yanayotoka pale. Mamia ya familia yalihamishwa, ukuta ukajengwa, na wachimbaji wadogo wakaendelea kuchimba ndani yake kwa utaratibu mupya. Familia zilipewa kuchagua: kupokea feza, ao kupata nyumba Samukinda, inje ya muji.

Uchaguzi wa namna hiyo una uzito kwa upande wa afya. Kartie nzima ikihamia pahali pamoja, inatosha kituo kihame nayo. Lakini mwenye kupokea feza anaenda pale feza zake zinafika: mumoja anapanga chumba muji ule ule, mwingine anarudi kijijini, mwingine anajenga pembeni kabisa. Wagonjwa wa kituo kimoja wanatawanyika katika vituo kumi, na hakuna hata kimoja chenye kilipewa majina yao.

Kwa watu wa Kasulo, jambo hilo ni zito zaidi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya damu na mukojo wa wakaaji wa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi kuliko kwa watu wa kartie ya jirani yenye haina machimbo, na watoto njo walikuwa na nyingi zaidi. Vumbi la ndani ya nyumba pia lilikuwa na madini. Mutoto wa namna hiyo anahitaji kufuatwa kwa miaka, na mutu mwenye anajua aliishi wapi na alikohoa tangu wakati gani. Munganga mwenye kumupokea kwa mara ya kwanza, bila fishi, anaona kikohozi tu.

Kasulo si peke yake. Mwaka 2023, Amnesty International pamoja na shirika IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu kwa ajili ya migodi. Ilitaja Cité Gécamines, yenye mugodi wa COMMUS unasukuma wakaaji kidogo kidogo tangu ulipofunguliwa tena mwaka 2015. Ni kartie yenye maji, umeme, na masomo na hospitali karibu. Wazee wa pale wanajua tayari maana ya kupoteza matunzo: wakati wa Gécamines yenye nguvu, mufanyakazi na jamaa yake walitunzwa na kampuni. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Walitoka na feza kidogo, na mulango wa hospitali ya kampuni ukafungwa nyuma yao.

Kituo kidogo kinabeba nini

Kwa macho ya mupimaji, kituo kidogo ni vyumba vitatu, kitanda cha kuzalisha na kabati. Kazi yake haionekani ndani ya matofali. Dawa za kifua kikuu zinakunywewa kwa miezi sita. Mugonjwa akikosa kuja, muuguzi anatuma reko kumutafuta nyumbani. Akihama bila barua na dawa zikikatika, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu yenye dawa za kawaida haziwezi tena, na anaupeleka kwa watu wa nyumba mupya. Mwenye kukunywa dawa za virusi vya sida hana hata siku moja ya kupoteza. Mutoto anangojewa kwa chanjo kwenye juma la 6, la 10 na la 14, kisha kwenye miezi 9. Karatasi yake ikipotea katika kubeba vyombo, kitabu cha kituo njo ushahidi unaobaki.

Kuna pia jambo la feza. Muuguzi mwenye kukujua anaweza kukutunza leo na kungoja mwisho wa juma, wakati mawe yatauzwa. Kule haujulikani, unalipa kwanza. Ongeza bei ya wewa kwenda na kurudi, na mama wengi watachagua kuzalia nyumbani.

Tatizo lingine halionekani kabisa. Zoni za afya, kama vile Dilala na Manika hapo Kolwezi, zinapanga chanjo na dawa kwa kufuata hesabu ya watu wa kila eneo la afya. Familia mia tatu zikiingia katika eneo bila kuandikwa, kituo kinaendelea kupokea vitu vya watu wa zamani. Wageni wanaambiwa dawa zimekwisha, wenyeji wanawalaumu wageni, na muuguzi anabaki katikati.

Kufunga si kosa kila mara

Lazima kusema pia upande mwingine. Kituo chenye kusimama juu ya mashimo kinaweza kudidimia na wagonjwa ndani. Tena kuna dispanseri zenye hazina hata mwenye diploma, na kuzifunga ni kulinda watu. Kituo kimoja chenye maji, mukunga na friji ya chanjo kinaweza kuzidi vitatu vibovu.

Kosa liko katika mupangilio wa kazi: kufunga kwanza, kutafuta pa kupeleka watu nyuma. Kituo kipya kinapaswa kupokea mugonjwa wa kwanza mbele ya kile cha zamani kufunga kabati lake.

Nani alipe?

Sheria haikosi. Kodi ya madini, kufuatana na sheria ya 2018, inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji ao sekta yenye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji, na kusaini nao daftari la ahadi, lile linaloitwa kaye de sharje. Kanuni za sheria hiyo zina pia sehemu nzima juu ya kuhamisha watu na kuwapa makao mapya. Kituo cha afya kinaweza kuingia mule. Lakini kuandika jengo peke yake hakutoshi: jengo bila muuguzi mwenye kulipwa ni ukuta mwingine.

Mbele ya kusaini

Wakaaji wenye kuambiwa wahame wako na njia. Kila eneo la afya lina kodesa, kamati yenye wakaaji wenyewe wako ndani. Kazi yake ni kusimama mezani pamoja na meya na kampuni, na kuuliza bila kuzunguka:

– Kituo gani kitapokea watu wetu, na kitafunguliwa tarehe gani?
– Nani atafanya liste ya wagonjwa wa kifua kikuu, wa sida, wa tansio, wa sukari, na ya mama wenye mimba, kwa siri, na kuipeleka kwa zoni mupya?
– Wale wenye kuchagua feza watapewa barua na nakala ya fishi yao?
– Nani atalipa muuguzi katika miaka ya kwanza?
– Hesabu ya chanjo na dawa itabadilishwa lini?

Kwa kila familia, kuna kazi ya leo leo: kuomba nakala ya fishi na karatasi ya chanjo, kuomba dawa za mwezi moja ao zaidi pale inawezekana, na kuandika jina la kila dawa. Kesi yenye nguvu ikitokea Kolwezi, inaenda hospitali kuu ya Mwangeji. Lakini munganga wa pale pia atauliza kwanza: dawa gani, tangu lini? Jibu hilo linapaswa kuwa ndani ya mufuko wa mugonjwa mbele kamio haijafika kubeba vyombo.